Tarishi wa Darasa la Nne B

Sijapata kusikia mahakama inayomkabidhi mshtakiwa hati ya kumwita shahidi wa upande wa mashtaka na kumwambia, "Kaipeleke mwenyewe, na ukifika tusalimie." Shule za msingi hufanya hivyo kila siku ya kazi. Mtoto kampiga mwenzake rula ya kichwa, mwalimu anataka kuonana na mama yake, na anayetumwa kumwita mama ni huyohuyo mwenye rula. Kisha saa kumi jioni tunakaa ofisini, tunatikisa vichwa, tunasema wazazi wa siku hizi hawana ushirikiano.

Mimi ni mwalimu wa darasa, Darasa la Nne B, katika shule moja ya serikali wilayani Temeke, Dar es Salaam. Tangu Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015 ulipofuta ada na michango, na watoto wakamiminika Januari 2016, madarasa yetu hayajapata nafasi ya kupumua. Wanaokaa dawati la mwisho nawatambua kwa sauti kuliko kwa sura. Kwa wingi huo mwalimu hawezi kupita nyumba kwa nyumba kubisha hodi, kwa hiyo anamtegemea mtoto. Tabu ni kwamba mtoto husikiliza anachotumwa, hukipima faida na hasara, halafu huamua kipi kifike.

Bingwa wao nitamwita Tarishi, maana jina lake halisi likitajwa mtaa mzima utamjua. Ana miaka kumi na hajawahi kunidanganya hata siku moja. Hilo nalisisitiza. Mtoto mwongo ni rahisi kumkamata, kwa sababu uongo una tabia ya kusahau ulichosema jana. Tarishi haongezi neno. Anapunguza tu.

Nikimwambia, "Msalimie mama, mwambie aje kesho saa mbili asubuhi bila kukosa, nataka tuzungumze kuhusu daftari lako la Hisabati," nyumbani inafika, "Mama, mwalimu anakusalimia." Kesho yake namuuliza kama alimwambia mama. Anasimama wima, mikono nyuma. "Ndiyo, mwalimu. Kafurahi sana. Naye anakusalimia." Muhula mzima mimi na mama yule tukaishi kwa upendo mkubwa. Nilituma salamu, zikarudi salamu. Nilimpa pole ya mvua za masika, akanitakia Idi njema. Kuna siku alinitumia hata karanga za kukaanga, nikazitafuna pale pale ofisini huku nikimsubiri aje. Daftari la Hisabati halikutajwa na yeyote.

Nikahamia kwenye maandishi. Barua ya shule haina mchezo: ina tarehe, ina "Yah:", ina muhuri wa mwalimu mkuu ambao wino wake hugoma kukauka. Barua za mwanzo niliziandika kwa upole. Baadaye nikaanza kupigia mistari maneno ya msingi. Za mwisho zilikuwa na mistari mingi kuliko maneno. Nilimkabidhi Tarishi mkononi, mbele ya mashahidi, naye akazipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Majibu yalikuja yale yale: mama anakusalimia.

Ndipo nikatoa amri ambayo kila mwalimu wa nchi hii amewahi kuitoa: kesho usikanyage darasani bila mzazi.

Kesho yake akaja na mwanaume. Kijana wa miaka ishirini na kitu, koti zito la kuzuia upepo katika joto la Dar es Salaam, kofia ngumu kwapani. "Shikamoo mwalimu. Mimi baba yake mdogo. Kaka kasafiri, shemeji mgongo unamsumbua." Nikaitikia marahaba, nikamkaribisha kiti, nikamfungulia daftari la Hisabati. Alilitazama ukurasa hadi ukurasa, akasonya, akamgeukia mtoto. Sijawahi kusikia nasaha kama zile. Alimwuliza kama anajua shida anayoipata baba yake. Alimwambia kwamba wao walisoma kwa kibatari, moshi wote puani, na bado walijua kugawanya. Alimwambia maisha hayana kona ya kukatishia. Tarishi akalia. Mwalimu wa Nne A, aliyekuwa anapita na chaki zake, akasimama mlangoni kusikiliza. Kwa kweli mimi mwenyewe nilijikuta nikiona aibu kwa madaftari ambayo sijasahihisha.

Akasaini kitabu cha wageni, akaaga. Getini nilimwona Tarishi akimpa kitu kidogo mkononi. Nikajisemea, mapenzi ya damu.

Wiki kadhaa baadaye mwalimu wa Nne A alinisimulia kwa mshangao kuhusu mjomba wa binti mmoja wa darasani kwake. Mtu mwenye hekima, alisema, ingawa ni dereva wa bodaboda tu. Alisoma kwa kibatari. Nikasema huo ukoo una bahati.

Sasa karanga. Jioni moja nilikuwa kituoni Mbagala Rangi Tatu nikisubiri daladala ambayo ingekuwa na nafasi ya kusimama, kukaa nilishakata tamaa. Nikanunua karanga za mia mbili kwa mama mmoja mwenye beseni, zimefungwa kwenye karatasi iliyosokotwa. Nilipozimaliza nikaikunjua ile karatasi. Ni ugonjwa wa kazi: mwalimu hawezi kushika karatasi yenye maandishi akaitupa bila kutafuta kosa. Juu palikuwa na tarehe. Chini yake: "Yah: KUITWA SHULENI. Husika na kichwa cha habari hapo juu." Mwandiko ulikuwa wangu. Muhuri ulikuwa wetu, na wino ulikuwa bado haujakauka vizuri, ulikuwa umehamia kwenye karanga, na karanga zilikuwa zimehamia tumboni kwangu.

"Mama," nikamwambia, "hizi karatasi unazitoa wapi?"

"Mwanangu ananiletea kutoka shule." Uso wake ulichangamka. "Ana huruma, mtoto yule! Anasema, mama, mwalimu kanipa karatasi nikuletee. Nikasema mwalimu huyu ana utu, kajuaje kama karatasi za kufungia zimepanda bei?"

"Husomi kilichoandikwa?"

"Nisome saa ngapi, dada yangu? Nafunga usiku, taa yenyewe ya kubahatisha. Karatasi ni karatasi."

Nikajitambulisha. Mama yule akaweka beseni chini, akanishika mikono yote miwili. "Kumbe ndiye wewe! Unayenisalimia kila siku! Mwalimu, mimi nawaambia hata majirani, mwalimu wa mwanangu ana adabu ambayo siku hizi haipo." Abiria waliokuwa karibu wakanitazama kwa heshima. Kabla sijapata pa kuanzia, akaendelea: "Na maendeleo nayaona. Hisabati kapata kumi na tisa!"

"Kati ya ngapi, mama?"

"Hapo karatasi ilikuwa imechanika. Lakini kumi na tisa, mwalimu, si itakuwa kati ya ishirini?"

Hapa niwaombe radhi wasomaji wa umri wangu niwaeleze jambo, kwa sababu hata baba mwenye shahada humkwamisha. Sisi tulizoea mtihani wa alama 100, na watoto wa sekondari bado wanaupata hivyo. Shule ya msingi siku hizi kila somo ni alama 50, kwa mfumo wa Baraza la Mitihani: 41 hadi 50 ni A, 31 hadi 40 ni B, 21 hadi 30 ni C, 11 hadi 20 ni D, chini ya hapo ni E. Anayehitimu Darasa la Saba akifanya masomo sita, jumla yake yote ni 300. Wazazi wengi hakuna aliyewahi kukaa nao chini kuwaambia hivyo. Tunawatumia namba tupu.

Matokeo yake, katika nyumba ya jirani na mama wa karanga kulikuwa na binti, naye mwanafunzi wangu, mtoto mkweli, ambaye jioni ile Tarishi alipopeleka kumi na tisa yake alifika kwao na karatasi isiyochanika popote na kumwambia baba yake kwamba kapata arobaini na moja. Baba akasikia arobaini na moja, akakumbuka mwaka wake wa kidato cha pili, akazima televisheni kwa wiki nzima. Binti alijaribu kueleza. Akaambiwa asijibizane na wakubwa. Kwa hiyo katika uchochoro ule mmoja, mwenye D alipikiwa pilau na mwenye A alilala bila tamthiliya.

Nilimweleza mama yote hayo huku daladala zikija na kuondoka. Alinyamaza. Akahesabu vidoleni kutoka kumi na tisa hadi arobaini na moja, akaishiwa vidole.

"Na baba yake mdogo hakukuambia?" nikauliza. "Alikuja shuleni, tukazungumza vizuri sana."

"Baba yake mdogo yupi?"

"Wa bodaboda."

"Mwalimu," akasema taratibu, "mume wangu ni kitinda mimba."

Kisha akaketi kando ya beseni, akaanza kukunjua karanga moja baada ya nyingine. Nilichuchumaa nikamsaidia. Barua zangu ambazo hazikuwa zimeuzwa bado zote zilikuwemo: za upole, za mistari michache, na zile za mwisho zenye mistari mingi kuliko maneno. Mteja mmoja alisimama na mia mbili yake mkononi akauliza kama tumefunga biashara. Mama hakumjibu. Alikuwa anasoma kwa sauti ya chini, kidole kikifuata mstari. Alipofika mwisho akaninyooshea karatasi. "Zilifika, mwalimu. Usiseme hazikufika. Zilifika, nikaziuza."

Mtaniuliza kwa nini sikupiga simu. Nilipiga. Daftari langu lina safu nzima ya namba za wazazi, na safu hiyo ina historia ndefu ya misiba. Januari 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilipoanza kuzimwa, namba nyingi zilizokuwa mle zilinyamaza moja kwa moja. Nyingine hupokewa na mtu wa Tandahimba ambaye hana mtoto ila anapenda mazungumzo. Na zile zinazopatikana zina tatizo lake, ambalo si la mtandao.

Hakuna Mtanzania mwenye simu ambaye hajawahi kupata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Matapeli wana mchezo mwingine mbaya kuliko huo: wanampigia mzazi, wanajitambulisha kuwa ni walimu, wanasema mtoto kaanguka shuleni, tuma hela ya matibabu upesi. Watu wamelizwa. Kwa hiyo siku binti mmoja wa darasani kwangu mwili ulipowaka homa kwelikweli, nikampigia baba yake kwa simu yangu, mazungumzo yakawa hivi.

"Habari za kazi, Baba. Mimi ni mwalimu wa darasa wa binti yako. Mtoto ana homa, tunaomba uje umchukue."

Kimya. Kisha: "Mwalimu. Sawa. Na mimi ni Waziri wa Elimu."

"Baba, sihitaji hela."

"Ahaa, mmebadilisha mbinu!" Akakata.

Nikapiga tena, safari hii spika ikiwa wazi, kwa sababu mwalimu mkuu alitaka kusikia. Mwalimu mkuu ni mtu wa taratibu. Aliichukua simu, akakohoa, akataja jina lake, cheo chake, kata na wilaya. Sauti ikamjibu: "Mko wangapi kwenye hilo genge?"

Ikabidi apewe mtoto mwenyewe, aliyekuwa amelala kwenye mkeka pembeni ya kabati. "Baba, ni mimi."

"Hata sauti ya mwanangu mmeirekodi! Mungu anawaona!"

Binti alikuwa na homa, lakini akili yake ilikuwa nzima. Aliinuka kwa kiwiko, akasogeza mdomo kwenye simu, na kwa sauti iliyosikika hadi chumba cha stoo akasema: "Baba, jana usiku mama alikukuta unatoa hela kwenye kibubu chake, ukamwambia ulisikia panya."

Ofisi nzima ya walimu ikainamia madaftari. Upande wa pili wa simu hapakusikika hata pumzi. Baba alifika kabla kalamu yangu haijabadilisha ukurasa, akasalimia kila mtu bila kumtazama yeyote, akambeba mtoto hadi zahanati. Walimpima, ilikuwa malaria, na siku chache baadaye alirudi darasani mzima. Baba tangu siku hiyo simu yangu anaipokea kabla haijalia vizuri.

Lakini simlaumu. Kabla ya siku hiyo, namba ya shule ilikuwa haijawahi kumpigia kumwambia lolote. Hakuna mwalimu ninayemjua, na nimefanya kazi na wengi, aliyewahi kuinua simu ili amwambie mzazi kwamba leo mwanao kaimba vizuri, au kamgawia mwenzake penseli. Tunapiga kwa ajili ya mtoto aliyeanguka, aliyepiga, aliyetoroka, anayedaiwa. Mzazi akiona jina la shule kwenye kioo huanza kutafuta kanga ya msibani.

Wengine wataniambia dawa ni kundi la WhatsApp. Tunalo. Lilizaliwa Machi 2020, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona. Shule zilifunguliwa mwishoni mwa Juni, kundi halijafungwa hadi leo. Kila Januari huingia wazazi wapya, na wa zamani hawatoki, wanaona ni utovu wa adabu kuondoka bila kuaga. Wapo ambao watoto wao sasa wako sekondari na bado wananiuliza habari za sweta iliyopotea.

Ijumaa moja jioni niliandika humo: "Ndugu wazazi, Jumatatu ni siku ya usafi. Kila mtoto aje na ndoo ndogo." Ujumbe mfupi, nilidhani. Wa kwanza akajibu, "Asante mwalimu." Wakafuata wengine na "Asante mwalimu" zao, hadi ndoo yenyewe ikazama haionekani. Mmoja akauliza ndogo kiasi gani. Mwingine akasema lita kumi. Wa tatu akasema yake ni ya lita ishirini, je, aikate? Akatokea mama akaweka picha za ndoo za rangi nne, zenye mifuniko na zisizo na mifuniko, bei maelewano. Baba mmoja akauliza kama hii si ndiyo elimu bila malipo. Mwenzake akamuunga mkono kwa kupachika waraka, ambao nilipoufungua nikakuta ni ratiba ya ligi. Akaja mwingine na ujumbe wa sauti wa dakika nne, uliorekodiwa ndani ya daladala, ambapo nilimsikia konda vizuri na mzazi kidogo. Katikati ya yote hayo tukapeana pole ya msiba, tukasomewa dawa ya tangawizi na vitunguu saumu, na alfajiri ya Jumamosi tukatumiwa maua.

Jumatatu darasa liligawanyika. Waliosoma mwanzo wa mazungumzo walileta ndoo. Waliosoma katikati hawakuleta, kwa kupinga. Waliosoma mwisho walitoa pole ya msiba. Tarishi, ambaye mama yake hana simu ya kupangusa, alikuja na ndoo safi ya lita kumi, ya kwanza kufika, kwa sababu Ijumaa nililitangaza jambo hilo mstarini na yeye akalifikisha nyumbani neno kwa neno, na kikohozi changu pia. Ujumbe usiomhusu huyu mtoto hauharibiki njiani. Maji yalikuwa yamekatika siku hiyo. Ndoo tulizigeuza, watoto wakazikalia, na kwa mara ya kwanza mwaka ule kila mmoja alipata pa kukaa.

Nyumbani kwangu nako ninaye tarishi, maana mimi pia ni mzazi wa mtoto wa shule, shule nyingine. Saa tatu usiku, vyombo vimeshaoshwa, mlango umeshafungwa kwa komeo, ndipo anapokumbuka. "Mama, mwalimu kasema kesho twende na manila, gundi na mkasi." Saa tatu usiku! Nikamwuliza alisema lini. "Alisema." Nilizunguka mtaa mzima kwa tochi, nikagonga duka ambalo mwenyewe alikuwa ameshavaa msuli, nikapata manila ya kijani yenye alama ya mguu wa paka. Kesho mchana akarudi nayo vilevile imesokotwa. Ilikuwa ya wiki iliyopita. Nilitamani nimwandikie mwalimu wake barua, nikakumbuka nani angeipeleka.

Baada ya mkasa wa karanga, mwalimu mkuu aliitisha kikao cha wazazi siku ya Jumamosi. Kikao cha wazazi kina sheria moja isiyoandikwa popote: wanaokuja ni wale ambao watoto wao hawana tatizo. Siku hiyo hata hivyo mama wa karanga alikuja, akakaa mstari wa mbele, beseni miguuni, na safari hii karanga zilikuwa kwenye vifuko vya nailoni, jambo ambalo ni marufuku lakini hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia. Baba wa kibubu alikaa karibu na mlango. Na alikuja bibi mmoja ambaye wajukuu zake wanne wako madarasa manne tofauti, akataka aelezwe wote kwa pamoja kwa sababu ana safari ya Chanika.

Bibi alikuwa na mkoba. Ndani ya mkoba mlikuwa na ripoti za shule, za wajukuu, za watoto wake, na moja iliyokwisha kuwa rangi ya chai, ya mdogo wake. Akazipanga mezani. "Mwalimu, soma hapa. Na hapa. Na hapa." Katika zote, kwa miandiko ya walimu ambao wengine wameshazikwa, paliandikwa: "Ana uwezo, aongeze bidii." Bibi akavua miwani. "Ukoo mzima tuna uwezo. Tangu enzi za Mwalimu Nyerere tuna uwezo. Sasa nataka mtu mmoja aniambie huyu wa Darasa la Nne kinachomshinda ni nini."

Nikamwambia: kinachomshinda ni kukopa kwenye kutoa. Akauliza kukopa ni nini, nikamwonyesha ubaoni, akaelewa, akasema hilo atalimaliza mwenyewe kwa maharage. Yalikuwa mazungumzo marefu kuliko yote niliyowahi kufanya na mzazi kuhusu somo lenyewe.

Tulipofika kwenye hoja ya mawasiliano, mwenyekiti akalisifu kundi la WhatsApp. Bibi, mwenye simu ya kitochi, akanyoosha mkono. Akasema mwaka 1973, kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, walikaa chini ya mwembe na redio moja, mmoja anasoma kijitabu, wengine wanabishana, na walipoinuka pale walikwenda kuchimba choo. "Redio moja, tukachimba vyoo. Ninyi kila mtu ana simu. Choo cha wavulana kina mlango?" Kikao kikatazama dirishani, upande wa choo cha wavulana. Mwenyekiti akasema hoja imepokelewa.

Hapo ndipo mlangoni akaingia mtu mwenye koti zito na kofia ngumu kwapani. Nilimtambua. Mwalimu wa Nne A alimtambua. Akajibanza nyuma kwa heshima, lakini mama wa karanga alishageuka. Hakuwa amewahi kumwona, ila lile koti na ile kofia vilimtosha. Alimtazama kuanzia viatu hadi utosi.

"Shemeji!" akaita kwa sauti tamu. "Shemeji yangu, mbona unakaa nyuma? Njoo mbele huku kwa ndugu zako."

Akaja. Angefanya nini? Mama akamkalisha pembeni yake, akampa karanga bure, na sijui alimnong'oneza nini, ila kijana alitokwa jasho ambalo koti peke yake lisingeweza kulitoa. Baadaye nilisikia kutoka kwa Tarishi, ambaye kama nilivyosema hadanganyi, kwamba tangu alipolipwa kuwa baba mdogo, yule kijana alimwandama kila alipopita kijiweni: umefanya hesabu, lete daftari nione, wewe si nilikwambia habari za kibatari? Ilifika mahali mtoto akawa anazunguka njia ya makaburini ili asikutane naye.

Ajenda ya mwisho ilikuwa kujaza nafasi ya mjumbe wa kamati ya shule. Akina baba waliokuwepo walikuwa wachache na wote wakakumbuka wana shughuli. Baba wa kibubu alitajwa, akasema afya yake si nzuri. Mwalimu wa Nne A, ambaye bado alikuwa chini ya mvuto wa zile nasaha, akasema yupo mtu hapa anayejua kuzungumza na watoto. Mwenyekiti akamwuliza kijana kama ana mtoto katika shule hii. Nikashusha pumzi, nikajua hapo ndipo mwisho wake.

"Ninaye," akasema. "Binti yangu yuko Darasa la Kwanza A."

Mwalimu wa Darasa la Kwanza A akageuka kwenye kiti. Alikuwa amemwita mara nyingi kupitia kwa binti huyo. Alichokuwa akipata ni salamu.

Akachaguliwa kwa kunyoosha mikono, mama wa karanga akinyoosha miwili. Akaombwa aseme neno. Akasimama, akakohoa kama mwalimu mkuu, akasema kwamba kwa uzoefu wake watoto hawafai kupewa ujumbe wa shule, si waaminifu. Akapendekeza barua zote za kuwaita wazazi zipelekwe na bodaboda, mlango hadi mlango, mzazi asaini, nauli elfu moja ndani ya kata. Mwenyekiti akaandika. Baba mmoja akauliza kama hiyo elfu moja si ndiyo mchango uliokatazwa.

Bibi alishafunga mkoba wake, lakini akasimama tena. "Mimi nina wanne," akamwambia mjumbe mpya. "Ukileta barua zao zote safari moja, utanifanyia shilingi ngapi?"